Sangara Aliyekataa Kuoza

Tulimzika Masalu Lubinza Jumamosi iliyopita, hapahapa Kirumba, na mimi nilikwenda. Sikwenda kulia. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, ingawa hilo la macho nalisema kwa mazoea tu, maana ninalo moja. Mwili ulitolewa mochwari asubuhi mapema ukawekwa sebuleni, lakini kijana wake mkubwa alikuwa anatoka Dar na ndege ikachelewa, basi marehemu akasubiri na sisi tukasubiri, jua likapanda juu ya mabati, na mchana ulipoiva wanawake waliokaa karibu na jeneza walikuwa wameshavuta kanga hadi puani. Mtu akapita ananyunyiza manukato. Chini ya turubai msemaji wa familia akashika kipaza sauti akasoma historia ya marehemu: mcha Mungu, mtu wa watu, mpenda elimu, ambaye nyumba yake ya kwanza kabisa aliipangisha kwa mwalimu ili watoto wa mtaa wapate pa kusomea. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Pembeni yangu alikaa Baba Mashaka, mzee sasa, magoti yamemwisha kwa kubeba makreti ya samaki sokoni Mwaloni tangu ujana wake. Akanigusa kwa kiwiko. "Mayu," akaninong'oneza, maana tangu nikiwa binti mdogo ananiita hivyo, mama, kwa Kisukuma chetu, "umeyasikia hayo?" Nikamwambia nimeyasikia. "Basi kaa. Usiinuke." Alijua nilitaka kuinuka. Nilikaa. Lakini yale ambayo sikuyasema pale turubaini nayaandika hapa, na majina nayataja, kwa sababu wenyewe wengi wameshakufa, na waliobaki wanajua nauzia dagaa wapi.

Mwaka ninaousema ni wa katikati ya miaka ya tisini, wakati kila kitu kiliambiwa kiwe huru. Biashara huru, bei huru, hata mbwa wa Kirumba tuliwaona wako huru kuliko zamani. Minofu ya sangara ilipanda ndege ikaenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye vinyama vya kubandua kwa kucha. Kila mwenye ukuta unaotazama njia alitoboa dirisha akafungua duka. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na siku majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa niliyasoma kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, Kabula hayumo. Msichana asiyechaguliwa wakati ule alikuwa na njia mbili, kuolewa au kuparua magamba. Asubuhi nilikuwa naparua magamba Mwaloni, mchana naoga kwa limau ili harufu ipungue, nakwenda kwa Mwalimu Paskazia.

Mwalimu Paskazia alikuwa Mhaya, mjane, mtu mzima mwenye mwili mkubwa na kifua kibovu, naye alikuwa amepunguzwa kazi katika ule upunguzaji wa wafanyakazi. Alipanga nyumba ya Masalu kule juu mlimani, nyumba ya vyumba viwili iliyobanwa na majabali kama jino katikati ya meno, na uani kwake kulikuwa na mwanya mrefu kati ya jiwe na jiwe ambao mtu mzima angeweza kuingia kwa ubavu. Sebuleni mlikuwa na meza moja, picha ya Bikira Maria, na kibakuli cha kahawa ya kutafuna ambayo alikuwa akiigawa kama pipi kwa aliyejibu vizuri. Walimu wengine wa tuisheni walifundisha hesabu na Kiingereza, naye alifundisha hayo. Lakini Jumamosi alifundisha historia ya kale, na hiyo hakufundisha kwa ubao. Alifundisha kwa udongo. Tulikwenda Mirongo kuchota udongo kandokando ya mto, tukautengeneza vibao kama andazi bapa, tukachonga matete na kuandika juu yake kwa kudidimiza, kama watu wa kale wa Babeli walivyofanya, kisha tukavichoma kwa nyasi na samadi kavu mpaka vikalia vikigongwa. Tulikata mafunjo ziwani, tukamenya maganda, tukapasua kiini cha ndani vipande vyembamba, tukavipanga wima na vingine vikalala juu yake, tukavikandamiza chini ya mawe, na vilipokauka tulikuwa na karatasi. Karatasi ya kweli! Mashaka, aliyekuwa mzaha mtupu tangu kuzaliwa, akaishika juu akasema, "Mwalimu, kumbe bibi yangu anakalia daftari." Maana bibi yake alikuwa anasuka mikeka ya mafunjo. Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, halafu akatuambia neno ambalo sijawahi kulisikia shuleni wala baada yake. Alisema, "Maji haya mnayofulia hapa chini ndiyo yanayotoka kule Jinja yakaitwa Nile, yakaenda mpaka Misri. Mafunjo yao ni haya. Sangara wao ni huyuhuyu, na huko kale walimfanya mungu katika mji mmoja. Msiniambie historia iko mbali. Historia imeanzia bombani kwenu."

Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wale watoto wengine na nilikuwa na jambo langu. Binamu yake Mwalimu alikuwa sista katika shule ya wasichana huko Kagera, na wawili hao walikuwa wamepatana kwamba Januari nipelekwe, nipimwe, nikifaa nipokelewe. Kila jioni watoto wakiondoka nilibaki mezani nafanya hesabu. Alikuwa anapika ndizi na mapanki katika sufuria moja, anajaza uani moshi, na kila baada ya muda anauliza bila kugeuka, "Umefika wapi?" Nilikuwa na hofu ya aina mbili mwaka mzima. Ya kwanza ilikuwa kwamba sitafaa. Ya pili ilikuwa Masalu.

Masalu aliitaka nyumba yake. Mawakala wa samaki walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka masanduku ya barafu, na nyumba ile, ingawa iko mlimani, ilikuwa na njia ya kupitisha mkokoteni. Lakini Mwalimu alikuwa hana kosa, hana kelele, hachelewi kodi, na mtu asiye na kosa ni kazi kumtoa. Basi Masalu alikuwa anakuja mara kwa mara, anasimama mlangoni na kofia mkononi, anasema kwa sauti ya kusikika kwa majirani, "Shikamoo, Mwalimu," wakati wao ni rika moja. Mwalimu anajibu, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua uso, na sisi watoto tunabana vicheko. Yeye hacheki. Anatazama vibao vya udongo vilivyopangwa dirishani, vyenye alama za kudidimizwa, anauliza, "Na haya maandishi, yanasomeka?" "Yanasomeka kwa aliyesoma." "Yanasema nini?" "Yanasema mtu fulani alipeleka shayiri hekaluni." Masalu anatikisa kichwa polepole. "Hekaluni," anarudia, anaondoka. Siku hiyohiyo bombani unasikia, Mhaya wa mlimani anaandika alama za hekalu.

Na macho ya Mwalimu. Huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mtu mzima hayaulizwi sababu, ni uchawi. Wanawake wameuawa katika vijiji vyetu kwa macho tu, macho yaliyoharibiwa na miaka ya kupikia kinyesi cha ng'ombe. Ya Mwalimu yalianza kuwa mekundu tulipoanza kuchoma udongo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiinama kupuliza moto, hakutaka sisi tuungue. Nilimwambia avae miwani. Akasema, "Kabula, mimi nina miwani ya kusomea tu, nikiivaa kwa ajili ya Masalu nitajikwaa." Alilichukulia kama mzaha. Mimi sikuweza. Nikisikia jiwe linaanguka juu ya bati lake, na yalianguka, moja leo, moja kesho kutwa, penseli ilikuwa inanitoka mkononi.

Tulipofika Misri ndipo tukafanya yule samaki. Watoto walitaka kujua wafalme wa kale waliwezaje kukaa bila kuoza, na Mwalimu akasema hatuna mfalme, lakini sangara tunaye. Baba Mashaka akatuletea sangara mdogo, urefu wa mkono wa mtu mzima. Tulimtumbua, tukamwosha, tukamjaza magadi tumboni na kumfukia katika magadi ndani ya kreti, magadi haya haya ya kulainishia maharage, kwa sababu hayo, au ndugu zake, ndiyo Wamisri waliyotumia. Tukayabadilisha kila yalipolowa. Wiki zikapita. Alipokauka akawa mgumu kama gome, tukachana shuka la zamani kuwa vitambaa tukaanza kumzungushia. Hapo Mwalimu akaeleza kwamba watu wale waliamini jina la mtu likiandikwa likahifadhiwa, mwenyewe hapotei. Wa kwanza kuomba kalamu alikuwa Teddy, binti wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. "Na mimi sitaki kupotea," akasema. Akaandika TEDDY kwenye kitambaa kwa herufi kubwa za wino wa bluu. Wote wakaandika. Mashaka akaandika jina lake na la mbuzi wao. Nami niliandika. Tukamfunga kwa vitambaa hivyo vyenye majina, juu yake tukazungusha vyeupe, tukamlaza katika kisanduku cha sabuni tulichokipaka macho mawili makubwa, tukakiingiza kwenye ule mwanya wa majabali na kuuziba kwa udongo. Siku ya kufunga mwaka wazazi wangealikwa, tufungue mbele yao. Ukimtazama akiwa amefungwa vile, kichwa chembamba, mwili mnene, sitaki kudanganya, alifanana na kichanga.

Masalu alituona tukimzika. Alikuwa amesimama juu ya jabali la jirani, mikono nyuma, kama mtu anayetazama mandhari ya ziwa.

Teddy akaugua. Homa ya kawaida ya msimu ule wa mvua, nusu ya mtaa walikuwa wanatetemeka, lakini yeye ikamshika sana. Mama yake, Mama Teddy, alikuwa mwanamke mwenye ulimi mwepesi, awali hakuwa mbaya, tulikuwa tunaazimana kinu. Masalu akampeleka kwa mganga. Naandika hivi kwa sababu nilimwona akimshika mkono kuvuka mfereji, na waliporudi Mama Teddy hakuitika salamu yangu. Kesho yake nikiwa kwenye foleni ya maji nikamsikia anasema, si kwa kunong'ona, "Nimeambiwa jina la mtoto limefungwa kwenye mawe. Mganga amejuaje? Hajawahi hata kufika Kirumba." Mwanamke mwingine akamjibu, "Mganga hakosei, shoga yangu, sisi ndio tunaochelewa." Nikaiacha ndoo yangu palepale nikapanda mlima mbio.

Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote, nikamwambia tumtoe yule samaki leo tumtupe ziwani. Akaendelea kuchambua. "Nikimtupa watasema nimeficha ushahidi," akasema. "Nikimwacha watasema bado anafanya kazi. Basi nitafanya nilichoahidi. Kitu kinachofunguliwa mchana kweupe mbele ya wazazi hakiwezi kuitwa uchawi, Kabula. Uchawi ni wa siri." Nikamwambia, "Mwalimu, hawa si watoto wa Jumamosi." Akaniangalia kwa yale macho mekundu. "Waliwahi kuwa," akasema. Aliamini kabisa kwamba mtu akionyeshwa kitu kinavyotengenezwa ataacha kukiogopa. Nimeishi miaka mingi sasa, nimeona mengi, sijui bado kama hilo ni kosa lake au la kwetu.

Walikuja wengi kuliko tulioalika. Ilikuwa asubuhi, jua safi, watu wamekaa juu ya majabali kama wako uwanjani kwenye mpira. Balozi wetu wa nyumba kumi, Bwana Ndaki, alipewa kiti. Mama Teddy alisimama mbele, amefumbata mikono kifuani. Masalu alisimama nyuma kabisa. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la kanisani. Akaeleza kuhusu Nile, kuhusu magadi, akaonyesha karatasi za mafunjo, na watu wengine walianza kupendezwa, niliona, Baba Mashaka aliuliza kama karatasi ile inaweza kuviringishia tumbaku. Kisha kisanduku kikatolewa. Kilipoonekana kile kitu cheupe kuna mwanamke alipiga yowe dogo akajiziba mdomo. Mwalimu akafungua vitambaa vya juu, haraka kidogo, hadi kichwa kikatokea, na mtu akasema, "Eh! Sangara!" Watu wakacheka. Walicheka kile kicheko cha mtu aliyekuwa amebana pumzi. Baba Mashaka akasema, "Tumeacha kazi kuja kutazama mapanki yamevaa suti?" Wakacheka zaidi. Kama ingeishia hapo, leo ningekuwa ninaandika habari nyingine, au pengine nisingekuwa na haja ya kuandika.

Wakaanza kupokezana yule sangara. Wengi pale walikuwa watu wa Mwaloni, watu wanaojua samaki akikaa jua moja anakuwaje, na harufu ya kuoza kwao ni kama harufu ya nyumbani. Kila aliyemshika alimpeleka puani, akasita, akampa mwenzake. Kicheko kikapungua kama maji yanavyopungua kwenye beseni lenye tundu. Mwalimu hakuona. Uso wake ulikuwa unang'aa. "Mnaona?" akasema. "Hakuoza! Tangu mvua za vuli zianze, na hakuoza!" Mama Teddy ndiye aliyeuliza. "Na kitu kilichokufa, kwa nini kisioze?" Mwalimu akaanza kueleza tena habari ya magadi. Mama Teddy akamkatiza, "Mimi napikia magadi kila siku. Maharage yangu yakilala yanachacha." Hapo Ndaki akainama, akaokota kitambaa kilichokuwa kimefunguka, akakikunjua, akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma risiti: "Teddy."

Na kutoka nyuma Masalu akasema, kwa upole kabisa, "Mimi sisemi kitu. Lakini soma na mengine, Balozi." Ndaki akasoma. Kila jina lilipotajwa mzazi mmoja alisimama. Mashaka. Kabula. Watoto wakaanza kulia, wakasema ni sisi wenyewe tuliandika, na kilio chao kikazidisha mambo, maana walionekana wamelogwa hadi ulimi. Jiwe la kwanza alilirusha Mama Teddy. Simlaumu kama ninavyomlaumu Masalu, mwanawe alikuwa amelala ndani hajitambui, lakini jina lake linabaki hapa, ni yeye. Mwalimu alinivuta tukaingia ndani tukafunga mlango. Alinisukuma chini ya meza, nami nikatoka kumvuta na yeye aingie, alikuwa anahangaika kuiokota picha ya Bikira Maria, na jiwe lililopita dirishani lilipiga vibao vya udongo kwanza, halafu likanipiga mimi. Sikusikia maumivu. Niliona tu kwamba upande mmoja wa chumba umezimwa.

Yaliyofuata nje nilisimuliwa, lakini nimesimuliwa na wengi na wote wanakubaliana. Walikuwa wanakusanya nyasi zetu kavu za kuchomea udongo, waichome nyumba. Baba Mashaka akamwokota sangara chini, akapanda juu ya kizingiti akageukia watu, akamvunja kama muhogo mkavu, akang'ata. Akatafuna. Watu wakaona anatafuna. "Chumvi imezidi," akasema. Akang'ata tena. "Hii ndiyo inayowakimbiza? Jina la mwanangu limo humu, mimi ninamla. Mwenye ugali alete!" Akala, bwana. Akala mgongo mzima hadi karibu na mkia, na mtu anayekula mbele ya watu wenye mawe mikononi ni vigumu kumpiga. Ndaki akatafuta njia ya kutoka na heshima yake, akatoa hukumu, na hukumu hiyo ilikuwa ya kale kuliko Misri yetu. "Amekula. Basi tutaona. Kesho asubuhi akishuka Mwaloni kazini kwa miguu yake, mwalimu ataondoka mtaani kwangu salama. Akiwa ameugua, mimi nisiulizwe. Na mpaka hapo asitoke mtu humu." Akaweka vijana wenye marungu kwenye njia. Mama Mashaka alinibeba mgongoni hadi kwake, mlango wa pili, maana kwetu kulikuwa ng'ambo ya vijana hao, akamwomba Ndaki nipelekwe hospitali. Ndaki akasema, "Nimesema asitoke mtu. Mfunge kitambaa." Kwa hiyo ukiniuliza jicho langu alilichukua nani, nitakwambia jiwe, lakini nitakuambia pia Ndaki.

Sasa fikiri magadi hufanya nini tumboni. Kijiko kimoja kwenye sufuria kubwa kinatosha kulainisha maharage ya familia. Baba Mashaka alikuwa amekula samaki aliyeshiba magadi kwa wiki nyingi. Nilikuwa nimelazwa kwenye mkeka upande mmoja wa pazia, jicho limefungwa kwa kitenge, na upande wa pili wa pazia nilimsikia akiuma mto. Alikuwa hapigi kelele. Alikuwa anauma mto, anatweta, anasema, "Mama Mashaka, ndoo." Chooni hakwenda, kwa kuwa choo kilikuwa nje na vijana wa Ndaki walikuwa wanahesabu nani anakwenda. Mke wake alikuwa anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya juu ili kufunika. Nilijua, na Mama Mashaka alijua, kwamba yakisikika yale yanayosikika nyuma ya pazia, Mwalimu atachomwa. Mashaka, yule wa mizaha, alikaa miguuni kwangu akimsaidia mama yake kuimba.

Na jua likiwa linazama Masalu akaja. "Hodi humu! Nimekuja kumjulia hali shujaa." Nyuma ya pazia nikasikia maji yakimwagwa, nguo zikivutwa, na Baba Mashaka akatokea amevaa shati la Jumapili, kijiti cha kuchokolea meno mdomoni, jasho linamchuruzika. "Karibu, Masalu! Joto hili, eh?" "Joto," akasema Masalu. "Waendeleaje na tumbo?" "Tumbo linanilaumu kwa nini nilibakisha kichwa." Masalu akatabasamu. Alikuwa amebeba kibuyu. "Nimekuletea maziwa mgando. Ya kutuliza." Niliona kwa jicho lililobaki mkono wa Mama Mashaka ukikaza kanga. Kama angekataa, ingekuwa kukiri. Baba Mashaka akakipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyefundishwa adabu, akainua, akanywa yote, koo likipanda na kushuka, akarudisha kibuyu akajifuta mdomo. "Asante. Ng'ombe wako wanakula vizuri." Wakasimama wanaongea habari za bei ya nyavu. Maziwa machachu juu ya magadi! Nilisikia tumbo lake likiunguruma hadi pale nilipolala, kama sufuria inayochemka chini ya kifuniko. Na yeye alikuwa anacheka. Kila lilipounguruma alicheka zaidi, akampiga Masalu begani, akamsindikiza mpaka kwenye jabali, akampungia. Aliporudi ndani alitambaa.

Usiku huo sitauandika. Asubuhi Baba Mashaka aliosha uso, akafunga mshipi kwa kukaza sana, akashuka Mwaloni akipiga mluzi. Midomo yake ilikuwa nyeupe kama unga. Vijana wa Ndaki wakamfuata nyuma. Wakamwona akijitwisha kreti, akapiga hatua zake hadi kwenye gari, akalitua. Ndipo wakarudi kusema ni mzima. Baadaye aliniambia kwamba kreti lile alilibeba kwa sala ya mkojo na mavi, samahani msomaji, hayo ndiyo maneno yake.

Mwalimu aliondoka kwa lori la ndizi lililokuwa linarudi Bukoba kupitia Usagara na kivuko. Aliomba wanipakie na mimi wanishushe hospitalini. Nilikaa katikati yake na dereva. Hakuchukua kitu isipokuwa begi moja na ile picha, kioo chake kimepasuka. Njia nzima alinishika mkono. Tulipofika kwenye geti la hospitali, dereva anapiga honi nishuke, akanigeukia, na nilitegemea aseme habari za Januari, za masista, za jicho. Akasema, "Ulimwona, Kabula? Hakuoza." Nikamwambia, "Nilimwona, Mwalimu." "Basi," akasema, na lori likaondoka.

Jicho lilitolewa. Januari ilipita nikiwa na bendeji, na iliyofuata nilikuwa Mwaloni na kisu. Mwalimu hakufundisha tena. Niliambiwa na watu wa kwao kwamba alikuwa akikaa ndani, kiti kimegeuzwa kisitazamane na mlango, na hakuishi sana. Teddy alipona kwa dawa za hospitali kabla hata masanduku ya barafu hayajamaliza kuingizwa kwenye ile nyumba. Siku hizi ananunua dagaa kwangu. Hatulizungumzi. Masalu alijenga nyumba ya pili, na ya tatu, akawa mzee wa kanisa, na juzi akawa mpenda elimu.

Kijana wake alifika jioni. Wakafungua jeneza kwa ajili ya heshima za mwisho, mstari ukapangwa, watu wanapita na vitambaa puani. Baba Mashaka hakuinuka, magoti yake. "Utakwenda?" akaniuliza. Nikaenda. Nilisimama pale juu yake kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu, sikuziba pua, nikamtazama vizuri kwa hili nililobakiwa nalo, mpaka mtu wa nyuma yangu akanisukuma taratibu. Nikarudi nikakaa.

"Vipi, mayu?" akasema Baba Mashaka.

"Ameanza kuoza," nikamwambia.